Chembe Kapera: Istilahi na Anga ya Todonyang

Jua la Todonyang, ukingoni mwa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, hulaumiwa kwa ukame na kiu. Ni nadra kusifiwa kwa kusafisha hewa. Hata hivyo, miale yake ya urujuanimno huvunja ozoni, na atomu ya oksijeni inayochomoka ikikutana na mvuke wa maji huzaa haidroksili. Hiyo ndiyo huanza kuiunguza methani ya mifugo na kaboni monoksaidi ya makaa. Huzalishwa zaidi katika tropiki, yaani juu ya vichwa vyetu.

Haidroksili hudumu takriban sekunde moja tu. Mchana, sentimita moja ya ujazo ya hewa huwa na haidroksili zipatazo 1,000,000 miongoni mwa molekuli zaidi ya trilioni milioni 20. Huonekanaje basi? Wanasayansi huivuta hewa ndani ya chombo chenye kanieneo ndogo, wakaimulika kwa leza ya nanomita 308. Haidroksili hufyonza nuru hiyo, kisha huirudisha kama mmemetuko hafifu unaoweza kuhesabiwa. Hii ni mbinu mojawapo ya spektroskopia.

Swali letu sisi wa Kiswahili ni hili: tuiiteje jamii ya chembe hizi? "Radikali huru" latamkika, lakini halifafanui. Msikilizaji wa Lodwar atadhani pana mwanasiasa mwenye msimamo mkali aliyetolewa korokoroni. Ilhali kinachoipa haidroksili pupa yake ni elektroni moja isiyo na mwenzi. Kiswahili kina neno la asiye na mwenzi: kapera. Napendekeza "chembe kapera".

Wapo watakaodai kwamba istilahi za kimataifa hurahisisha mawasiliano. Ni kweli, ndiyo maana leza na ozoni zibaki. Lakini mkopo wa jina usiwe mkopo wa fumbo. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilionyesha kwamba kazi hii ni yetu pia, si ya maabara pekee.

Mtoto wa Todonyang huzungumza Kiturkana nyumbani na husoma kemia kwa Kiingereza. Kiswahili kikimpa fumbo la tatu, kitakuwa kimemfaa nini? Wahadhiri na wanafunzi wenzangu, tulipeleke neno hili kwa mwanafunzi wa sekondari. Akilielewa, lidumu, asipolielewa, tutafute jingine.