Skauti si Kuruti: Neno kwa Wazazi Wenye Magwanda

Ndugu zangu wanajeshi na polisi wa vyeo vyote, shule zinapofungwa, watoto wa kambi zetu hubaki bila shughuli. Baba yuko zamu, au yuko mpakani, au yumo miongoni mwa wale ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani. Mama yuko sokoni akitafuta riziki, au naye yuko kazini, kwa maana siku hizi akina mama wengi wanavaa magwanda. Mtoto hushinda nyuma ya kantini akisikiliza mazungumzo ya watu wazima yasiyomfaa, akajifunza matusi kabla hajajifunza kufua shati lake. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa nyuma ya kantini si mwalimu mwema.

Kwa hiyo, kikundi cha maskauti kinapofunguliwa katika shule ya jirani na wazazi wakaitwa ili waelezwe habari zake, yatupasa tujue tunaitiwa nini. Wako wanaodhani kwamba skauti ni jeshi la watoto, nao wamegawanyika makundi mawili: wengine hufurahi wakasema mtoto ataanza kazi mapema, na wengine huogopa wakamficha mtoto ndani. Makundi yote mawili yamekosea. Nia ya makala haya ni kueleza uskauti ni kitu gani, na mzazi aliye askari afanye nini ili aujenge asiubomoe.

Ni kweli kwamba aliyeuanzisha alikuwa mwanajeshi. Robert Baden-Powell alizaliwa London mwaka 1857, akalitumikia jeshi la Uingereza huko India na Afrika. Jina lake lilivuma alipouongoza ulinzi wa mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Ndani ya mji ule wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na kusaidia hospitalini, ili watu wazima wabaki katika mahandaki. Baada ya hapo akakabidhiwa kazi ya kuunda kikosi cha polisi, South African Constabulary. Basi polisi nao wana haki ya kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani kwao.

Mwaka 1899 kilitoka kitabu chake kidogo kiitwacho Aids to Scouting, alichowaandikia askari: namna ya kupeleleza, kusoma nyayo, na kuona bila ya kuonekana. Aliporudi kwao mwaka 1903 akakuta kitabu kile kinasomwa na walimu na vijana. Hapo ndipo penye funzo kwetu sisi. Jemadari yule, ambaye angeweza kuwapanga watoto mistari na kuwapa bunduki za miti, aliona kwamba mafunzo ya mtoto hayafai kuwa yale yale ya askari. Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, baadhi yao watoto wa shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, wakalala katika mahema yale yale na kula chakula kile kile. Mwaka 1908 akatoa kitabu kipya, Scouting for Boys, kwa ajili ya vijana wenyewe. Macho makali ya mpelelezi yalibaki, na moto, mafundo, ramani na huduma ya kwanza vilikuwemo. Lakini gwaride hakulifanya kuwa msingi wa mafunzo.

Hatuna haja ya kumfanya mtu huyu malaika. Alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni, alishiriki katika safari za kijeshi dhidi ya Waashanti na Wamatabele, na wanahistoria wamemlaumu kwa jinsi Waafrika wa Mafeking walivyogawiwa chakula wakati mji ulipozingirwa. Lakini jembe likilima vizuri haliulizwi ni mhunzi gani aliyelifua. Baden-Powell alifia Nyeri, nchini Kenya, tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Na juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya njiani yenye maana kwamba mwenye safari amekwisha kwenda nyumbani. Uskauti wenyewe haukuzikwa naye. Hapa Uganda uliingia mwaka 1915; ukaona bendera ya mkoloni ikishuka mwaka 1962, ukapita katika miaka ya mapinduzi na vita, na hata leo upo. Kambi ya maskauti ya Kazi, kando ya Ziwa Victoria, kusini ya Kampala, imepokea vizazi kwa vizazi vya watoto wa nchi hii.

Sasa tuitazame tofauti yenyewe. Kuruti hufundishwa kutii amri papo hapo, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu risasi haimngoji mtu amalize kuuliza. Skauti naye hufundishwa kuamua. Watoto sita mpaka wanane huwekwa pamoja katika kundi dogo, na kiongozi wao ni mtoto mwenzao. Mtu mzima hukaa kando akitazama. Afande humwambia kuruti, "Simika hema hapa," naye husimika. Maskauti huambiwa tu kwamba jua linakaribia kuchwa. Wao wenyewe hutazama mteremko, upepo na njia ya maji, wakashauriana na kusimika mahali wanapoona panafaa. Wakikosea, mvua ya usiku ule huwafundisha kuliko hotuba yoyote, na siku ya pili hawakosei tena.

Mtoto aliyezoea kuamua jambo dogo akiwa na miaka 12 hatapotea upesi anapoitwa na wahuni akiwa na miaka 17. Vijana wengi wanaoingia mikononi mwa polisi si waovu kwa asili. Ni watoto waliozoea kufuata, na siku moja wakamfuata mtu mbaya. Nidhamu ya kuogopa kiboko hukoma kiboko kinapoondoka, na sisi tunaokwenda kazini miezi mingi tunajua ni siku ngapi nyumba inakaa bila baba.

Iko sababu nyingine ya kutochanganya skauti na kuruti, nayo ni nzito. Nchi yetu imeona watoto wakinyang'anywa utoto wao. Kaskazini, waasi wa LRA waliwateka watoto kwa maelfu wakawalazimisha kubeba silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mzazi aliyepitia siku zile, akimwona mtu mzima anawatembeza watoto wenye sare kuelekea porini, moyo wake hushtuka, na hana kosa. Ni juu yetu sisi wenye magwanda kumtuliza kwa maneno na kwa matendo. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulitoa itifaki ya kuwazuia watoto wasitumiwe vitani. Ahadi ya skauti haimfungi mtoto kuingia jeshini, wala fundo analojifunza kambini si hatua ya kwanza ya kuandikishwa. Akifika umri wa mtu mzima atachagua mwenyewe: ukulima, udaktari, ualimu, au kazi yetu hii. Anayempeleka mtoto skauti kwa matumaini ya kupata kuruti mapema amebisha mlango usio wake.

Wako pia wanaouliza juu ya dini. Skauti huahidi kumtumikia Mungu kwa imani yake mwenyewe, ya Kikristo au ya Kiislamu au nyingineyo. Indonesia, nchi ambayo wengi wa wananchi wake ni Waislamu, ina chama cha maskauti kikubwa kupita vyote duniani. Na juu ya wasichana jibu ni la zamani: mwaka 1909 maskauti walipokusanyika Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza wakadai nafasi, na mwaka 1910 chama cha Girl Guides kikaanzishwa. Hapa Uganda pia wasichana wana chama chao cha Girl Guides, basi asiwepo wa kusema kwamba binti abaki jikoni wakati kaka yake anajifunza kuokoa maisha.

Sasa, mzazi akiitwa, aulize nini? Aulize kwanza kiongozi ni nani, na kama kikundi kimeandikishwa na chama cha maskauti cha taifa. Aulize kama watu wazima wako zaidi ya mmoja kila watoto wanapokusanyika, na kama kambini wakubwa hulala mbali na watoto. Aulize safari zinaombewa ruhusa kwa barua au kwa maneno tu. Maji ya kunywa yanatoka wapi. Nani anajua kuogelea watoto wakienda ziwani. Nani ana sanduku la dawa. Aulize fedha inayochangwa inaandikwa na nani na kusomwa na nani. Kiongozi mwema hufurahia maswali haya. Yule anayekasirika usimwachie mtoto wako, hata akiwa mkubwa wako wa kazi, kwa maana swali la mzazi juu ya usalama wa mtoto wake halina cheo.

Hapo nafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Hakuna mzazi anayeweza kukifaa kikundi cha skauti kuliko askari, na hakuna anayeweza kukiharibu upesi kama yeye.

Hukiharibu kwanza kwa cheo. Mtoto wa kanali akifanywa kiongozi kwa sababu ya nyota za babake, watoto wote wamekwisha kufundishwa kwamba ahadi ni maneno matupu. Katika hema, mtoto wa kanali na mtoto wa askari wa kawaida ni ndugu, na zamu ya kuosha sufuria huwafikia wote wawili. Pili, hukiharibu kwa adhabu. Wapo watakaokuja na desturi za depo, wamgaragaze mtoto matopeni au wamwamuru aruke kichura kwa sababu amesahau skafu. La hasha! Mwili wa mtoto haujakomaa, na moyo wake haukuja pale kuvunjwa ndipo ujengwe upya. Tatu, hukiharibu kwa kulazimisha. Mtoto aliyesukumwa kwa mkono wa babake atahesabu siku za kutoroka.

Lakini tazameni tulivyo navyo! Sajini wa ishara anaweza kuwafundisha kutuma habari kwa bendera. Muuguzi wa jeshi anaweza kuwaonyesha namna ya kuzuia damu na kufunga mfupa uliovunjika, elimu ambayo katika barabara zetu zenye ajali za bodaboda hutumika wakati wowote. Polisi wa trafiki anaweza kuwafundisha kuwavusha wadogo zao barabara. Wengi wetu tunajua ramani na dira, na kufunga fundo lisilofunguka. Silaha tuziache ghalani. Tuje na ujuzi wetu, tuufundishe saa moja, kisha tukae kando tuwaache watoto wajaribu. Wala asikose mtoto nafasi kwa sababu mama yake hakuweza kununua sare kamili. Skafu moja yatosha kuanzia, na wenye uwezo wachangie wasio nacho.

Faida moja ni yetu hasa, sisi watu wa uhamisho. Leo uko Mbarara, mwakani uko Gulu, na mtoto wako kila mara huanza upya kati ya watoto asiowajua, pengine wenye lugha asiyoijua. Uskauti uko katika nchi zaidi ya 170. Mtoto mwenye skafu akifika mahali pageni hukuta ahadi ile ile, ishara ile ile, na salamu ile ile ya mkono wa kushoto. Husimuliwa kwamba salamu hiyo ilitoka kwa mashujaa wa Ashanti: mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, na anayekupa mkono huo ameiweka ngao chini kwa kuwa anakuamini. Askari anajua kuweka ngao chini ni jambo kubwa kiasi gani.

Basi, ndugu zangu, barua ya kuwaita wazazi ikifika, tusiitupe pamoja na makaratasi ya zamani. Mwenye nafasi aende, avae nguo za nyumbani, aketi kwenye benchi pamoja na wazazi wengine, asikilize na kuuliza. Aliye zamu amtume mke, mume, shangazi au mjomba, na maswali yake yameandikwa. Nchi tunailinda kwa ajili ya watoto hawa. Nao wana haki ya kupata saa mbili za Jumamosi ambazo mzazi wao ameziangalia kwa macho yake mwenyewe.