Waulize Nani Alilipa

Twawapongeza wanafunzi waendao Vienna, Austria, kusoma maendeleo ya miji katika masomo ya kiangazi ya chuo kikuu. Lakini wasirudi na picha za majumba tu. Waulize nani aliyalipia. Mwaka 1923 halmashauri ya mji ule ilianza kutoza kodi ya nyumba iliyowaelemea wenye majumba ya fahari kuliko mafukara. Kwa fedha hizo na nyinginezo, hata kufikia 1934, wafanya kazi walikwisha kujengewa makao zaidi ya 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof peke yake lapita urefu wa kilometa moja, nalo lilipewa mahali pa kufulia nguo na shule za watoto wadogo. Februari 1934 jeshi la serikali lilipiga jengo hilo kwa mizinga. Wapangaji wamo hata leo, na mwalimu asiyeyataja hayo darasani na aulizwe.