Daftari Kwanza, Mtaji Baadaye

Ndugu zangu, kuna neno nalisikia sana hapa Sparkbrook, kwa mafundi wa saiti na kwa dada zetu wa kazi za ndani: "Nikipata mtaji, ndipo nitajifunza biashara." Mimi naona tumeligeuza kichwa chini. Biashara hujifunzwa hela ikiwa bado ndogo. Mtaji ukitangulia somo, hauchelewi kwisha.

Mfano hauko mbali. Majirani zetu Wasomali, ambao ni wengi hapa Stratford Road na Ladypool Road, wanaijua vizuri kampuni ya kutuma hela ya Dahabshiil. Mohamed Said Duale aliianzisha mwaka 1970 katika mji wa Burao, kaskazini mwa Somalia ya wakati huo. Alikuwa mfanyabiashara wa kawaida, si mwenye benki. Miaka hiyo vijana wengi wa kwao walikwenda kutafuta riziki Ghuba, kama baadhi yenu mnaosoma haya mkiwa Muscat, Doha au Dubai. Walitaka kutuma hela nyumbani, lakini serikali ilibana fedha za kigeni. Basi njia ikawa hii: hela ya mfanyakazi inanunua bidhaa, bidhaa zinaingizwa nchini, zinauzwa, na familia inalipwa kwa hela ya nyumbani.

Hebu ifikirie kazi hiyo. Mzigo mmoja umebeba jasho la watu wengi. Lazima ujue nani kaleta kiasi gani, nani anayelipwa, na yuko wapi. Ukilikosea jina moja, kuna mama analala njaa, na habari zinafika Ghuba kabla ya mzigo unaofuata. Hapo mtu anajifunza mapema kwamba anachouza si bidhaa. Anauza ahadi, na ahadi bila hesabu haishiki.

Mwaka 1988 vita vikafika Burao. Mji ukapigwa, watu kwa maelfu wakakimbilia Ethiopia, na Duale naye akakimbia na familia yake. Mali waliyoichuma kwa karibu miaka ishirini ikapotea. Lakini huko ukimbizini alianza tena kazi ile ile, kwa sababu waliokuwa Ghuba na Ulaya walikuwa na ndugu kambini na walitaka kuwafikishia chochote. Duka lilikwisha, ila watu waliomjua walikuwepo. Kwa maoni yangu, huo ndio mtaji ambao vita havikuweza kuuchoma.

Sasa tuje Uingereza. Mwaka 2013 benki ya Barclays ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma hela. Benki nazo zilikuwa na hofu yao, tusizionee: Desemba 2012 HSBC ilikubali kulipa karibu dola bilioni 1.9 Marekani kwa sababu ya udhaifu katika kuzuia fedha haramu. Lakini kwa familia zinazosubiri hela huko Hargeisa au Mogadishu, kufungwa kwa akaunti hizo kulikuwa kama kufungwa kwa bomba la maji. Hata mwanariadha Mo Farah alipaza sauti kuipinga hatua hiyo.

Wakati huo kampuni iko mikononi mwa Abdirashid Duale, mtoto wa mwanzilishi. Walikwenda Mahakama Kuu, London, wakadai benki inatumia vibaya nguvu yake sokoni. Novemba 2013 mahakama ikaizuia Barclays isifunge akaunti hadi kesi isikilizwe. Aprili 2014 pande mbili zikakubaliana: akaunti ibaki kwa muda, hadi mwisho wa Septemba mwaka huo, kampuni ipate kujipanga.

Angalia vizuri walichopata. Hawakupata benki ya kudumu. Walipata muda, wakautumia kutafuta njia nyingine, na kazi ikaendelea. Mimi naona ni somo lile lile la Burao: njia ya kwanza ikizibwa, usigombane na ukuta hadi jua lizame. Uliza nani anasubiri upande wa pili, kisha tafuta njia ya kumfikia.

Kuna atakayesema: "Huyo alikuwa mfanyabiashara, mimi nasafisha nyumba za watu, nabeba matofali." Kweli, hamko sawa, na sitakudanganya kwamba kila anayetuma hela atakuwa na kampuni. Lakini wewe unayetuma pauni hamsini za kujenga Tanga, au riyali ishirini za kufungua genge Mombasa, tayari unaendesha mradi ukiwa mbali. Una fedha, una msimamizi, una kazi inayotakiwa kuonekana. Wangapi tumerudi nyumbani tukakuta msingi na majani, na ndugu hawasemeshani? Mara nyingi si kwamba ndugu ni mwizi. Hela ya saruji ilitumwa pamoja na ya ada ya shule na ya dawa ya bibi, bila kuandikwa ipi ni ipi. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo anza leo, na hela hiyo hiyo ndogo. Kila unapotuma andika mambo manne: tarehe, kiasi kilichofika, aliyepokea, na kazi ya hela hiyo. Ya ujenzi tuma peke yake, na uombe risiti au picha kabla ya kutuma nyingine. Uwe na njia mbili za kutuma, ili moja ikifungwa usianze kutafuta siku ambayo mtoto yuko hospitali. Sisemi utumie kampuni gani. Linganisha ada pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha, maana wengine hukwambia ada ni bure kisha wanakukata kwenye kiwango. Na kama uko Uingereza, hakikisha kampuni imo kwenye orodha ya mamlaka ya fedha, FCA.

Fanya hivyo mwaka mmoja, kisha lifungue daftari. Utamjua ndugu gani anafaa kushika duka, na utajijua wewe mwenyewe kama unaweza kusema "hapana" kwa mtu unayempenda. Hayo ni bora kuyajua ukiwa na pauni hamsini kuliko ukiwa na elfu tano.