Saa Haipandi Ngazi

Tusidanganyane. Kumnunulia nyanya saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, kisha kumchungulia kwenye simu ukiwa Nairobi au Dubai, si kumuuguza. Ni kumtazama tu.

Saa hiyo humulika ngozi na kukisia mapigo. Presha yenyewe bado hupimwa vizuri kwa mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Na hata namba ikiwa sahihi, swali ni moja: ikipanda saa nane usiku, nani atapanda ngazi? Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, ambulensi haifiki kila mlango.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na simu za kutumia data. Wazo zuri, sikatai. Lakini posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kwa pesa hizo ndio wazunguke ghorofa zote za Mji wa Kale?

Mtasema vifaa vinaokoa maisha. Naam, pale ambapo kuna mtu wa kupokea ile habari na dawa ya kumpa mgonjwa. Mwenye presha hashibi grafu. Ataka vidonge kila siku, na wa kumuuliza kama amevimeza.

Basi nunua saa ukitaka. Ila kwanza weka namba ya jirani, lipia dawa, na uibane kaunti imlipe mhamasishaji vizuri. Habari za mgonjwa bila wa kumfikia ni umbea tu.