Mwenye Mali Atafutwe, Aombwe

Mchezo wa kompyuta ulioacha kuuzwa haujawa mali ya kila apitaye. Nchini Uingereza hakimiliki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Diski huharibika mapema zaidi. Ndiyo maana nawasifu wanaowasaka watunzi wa zamani, hata pale kampuni ilipouzwa na kuuzwa tena, wakawaomba ruhusa. Kampuni ya Revolution ilitoa Beneath a Steel Sky mwaka 1994. Mwaka 2003 ikaridhia ugawiwe bure, na mwaka 2020 ikatoa mwendelezo wake, wa kuuzwa. Ukarimu haukuifilisi. Nawe unayenakili kwa hoja kwamba “hakuna anayelalamika”, umewahi kumwandikia mwenyewe hata barua moja?