Samaki Hufa Saa Kumi za Usiku

Kwa Katibu Mtendaji,
Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu

Mheshimiwa,

Nilikuwa na vizimba vinne vya ngege, mwendo wa dakika ishirini kwa kasia kutoka ufuoni. Alfajiri moja nilivikuta vimejaa matumbo meupe. Waliokuwa hai bado walipanua vinywa juu ya maji wakitafuta hewa. Kufikia saa mbili sikubakiwa hata na wa mboga.

Wapimaji walifika siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Wakashusha kisahani cheusi na cheupe cha kupima uangavu wa maji, wakachota maji kwenye chupa, wakaandika kwamba oksijeni inatosha. Na saa hiyo ilitosha kweli! Siwalaumu.

Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku mwani uohuo huivuta. Kabla ya kupambazuka ndipo oksijeni huwa chini kabisa, na Ghuba ya Winam ina kina kifupi, tena mbolea na maji taka yameunenepesha mwani wake. Upepo nao ukivuma vibaya, huyaleta juu maji ya chini yasiyo na hewa. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, ngege hutaabika. Novemba 2022 wafugaji wengi upande wa Kisumu walipoteza samaki, na watafiti wakataja upungufu huohuo. Sijui ofisi inayotuma boti saa kumi za usiku, na setilaiti huona ukijani wa juu tu, tena mawingu yakiruhusu.

Ninachoomba ni droni za majini. Si zile zirukazo harusini. Nasema chombo kidogo kinachoelea, chenye betri na paneli ya sola, kinachojiendesha kwenye njia kiliyopangiwa na kushusha kwa waya kifaa cha kupima oksijeni, joto na tope hadi karibu na sakafu ya ziwa. Kipite njia ileile kila usiku. Usomaji wake ugeuzwe ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili na Kijaluo: leo usilishe. Samaki aliyeshiba huhitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo kuzuia chakula peke yake huweza kuokoa wengi. Mwenye nafasi atavuna mapema au atavuta vizimba vyake hadi kwenye kina.

Matatizo nayajua. Magugu maji yatasokota rafadha. Na betri nzuri ikiachwa ziwani bila mwenyewe, wiki haitaisha kabla haijawasha taa kwenye kibanda cha mtu. Wapeni vijana wa ufuo kazi ya kukitunza chombo, kukisafisha na kukiondolea magugu, kwa malipo. Hao ndio wanaojua injini za nani huibwa na nani.

Nakuandikia wewe, si kaunti, kwa sababu vizimba viko Jinja na Mwanza pia, na Kamisheni inaweza kuzitaka nchi zote za ziwa zipime kwa namna moja, vipimo viwekwe mahali pamoja, wazi kwa mfugaji kama kwa profesa.

Anzeni na chombo kimoja, Winam. Pa kukilaza papo: stoo yangu ya chakula cha samaki ni tupu tangu asubuhi ile.

Wako,
Mfugaji wa vizimba, Ghuba ya Winam