Uanaharakati: Sanaa au Usanii?

Mtaani neno "usanii" limechafuka. Mtu akiahidi asitimize, tunasema anafanya usanii. Basi vijana wanapouliza kama uanaharakati wa kisiasa ni sanaa, tujibu kwa uangalifu.

Wanaosema ndiyo wana hoja. Mwanaharakati hutumia nyimbo, mabango, mavazi na ishara, na hupanga maneno yake kama mtunzi. Tena Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (na. 75) ya mwaka 1965, unaihesabu siasa kuwa sanaa ngumu na yenye heshima kubwa.

Hata hivyo, mimi nasema si sanaa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatenganisha sanaa na busara: sanaa huongoza vitu tunavyovitengeneza, busara huongoza mambo tunayoyatenda. Seremala mwenye tabia mbaya anaweza kutengeneza meza nzuri, na meza ikabaki nzuri. Lakini anayedai haki kwa moyo wa uongo ameiharibu kazi yenyewe. Mtaguso unapoiita siasa sanaa, unataka watu wajiandae na kujifunza. Na katika namba hiyohiyo unawadai unyofu na busara wanapopinga dhuluma.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tofauti hii tunaijua. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, kama yale ya Bulabo kule Bujora, mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Kwa ngoma ni sawa kabisa, maana umati ndio ushindi.

Sasa tukumbuke mwaka 1958. TANU ilikuwa imezuiwa Usukumani tangu 1954. Maelfu ya watu wa Geita walikwenda Mwanza kuipinga halmashauri ya mseto, iliyowapa Wazungu na Waasia viti katika wilaya ambayo karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Ingekuwa ngoma, wangehesabiwa washindi siku ileile kwa wingi wao. Lakini hawakwenda kutazamwa. Walikwenda kukataa jambo, na ushindi wao ulikuja pale serikali ya kikoloni ilipoachana na mpango ule.

Tukiuita uanaharakati sanaa, tutaanza kuupima kwa makofi na kwa picha zinazosambaa kwenye simu. Mama anayetozwa ushuru mara mbili gulioni, au mvuvi aliyechomewa nyavu bila kusikilizwa, hasaidiwi na maandamano yaliyopendeza macho.

Ndugu zangu mafrateri na waamini, tujifunze kuimba, kuandika na kusema vizuri. Hizo ni zana, na haki inazihitaji. Lakini kabla ya kushika bango, tukae na aliyeonewa, tumsikilize, tuhakikishe anachosema ni kweli. Na umati ukishatawanyika, turudi kwake tumuulize: je, umepata haki yako? Akisema bado, kazi haijaisha, hata kama watu wote walishangilia.